Mlinzi Anayepigwa X

Msikilizaji, kama unaishi popote kati ya Kimara na Kiluvya, sina haja ya kukueleza maana ya X nyekundu ukutani. Mwaka 2017 tuliziona pande zote mbili za Barabara ya Morogoro, kwenye nyumba na fremu za maduka zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Nyumba bado ina mabati, ina mapazia, ina watoto wanaofanya kazi za shule sebuleni, lakini X ikishapakwa siku zake zinahesabika. Tingatinga likifika haliulizi nyumba imejengwa na nani wala kwa jasho gani. Linafuata alama. Wapo wanaonisikiliza sasa hivi pale Kibamba ambao jambo hilo bado linawauma, na silitaji kwa mzaha. Nalitaja kwa sababu leo nataka tuzungumzie kitu kinachotokea ndani ya seli za mwanamke miaka mingi kabla daktari hajamwambia kwamba ana saratani ya mlango wa kizazi, na katika kutafuta mfano wa kukieleza sijapata unaokaribia huo.

Tuanze na protini. Neno hili kwetu limekaa kwenye sahani: maharage, dagaa, mayai, mtoto apewe protini akue. Ni sawa. Lakini chakula hicho kikishasagwa tumboni, mwili unajenga protini zake wenyewe, maelfu ya aina, na hizo ndizo zinazofanya karibu kila kazi ndani ya seli. Nyingine zinabeba oksijeni kwenye damu. Nyingine zinakunja msuli. Nyingine kazi yake ni kuiambia seli: sasa gawanyika, sasa tulia, sasa kufa. Na kila protini ina umri wake. Zile zilizo katikati ya lenzi ya jicho lako ulizaliwa nazo na utazikwa nazo. Ile inayobeba oksijeni hukaa ndani ya chembe yake nyekundu ya damu kwa takriban siku 120. Hizi zinazotoa amri ya kugawanyika na kutulia, nyingi umri wake ni wa dakika. Zinatengenezwa, zinafanya kazi, zinavunjwa, zinatengenezwa tena.

Kwa nini mwili ujenge kitu na kukibomoa muda si mrefu? Mtu anaweza kuona ni hasara tupu. Mwingereza mmoja, Tim Hunt, alianza kupata jibu mwaka 1982 akichunguza mayai ya yule kiumbe wa baharini mwenye miiba, anayewachoma nyayo wavuvi na akina mama wa mwani. Aliona kuna protini inayojikusanya ndani ya yai kidogo kidogo, halafu yai linapogawanyika protini ile inatoweka ghafla, kisha inaanza kujikusanya upya kusubiri mgawanyiko unaofuata. Kumbe seli inajipangia ratiba kwa kujenga na kwa kubomoa pia. Kubomoa kusipofanyika kwa wakati wake, ratiba nzima inavurugika. Hunt na wenzake wawili walipewa Nobel mwaka 2001.

Swali likawa: nani anabomoa, na anajuaje cha kubomoa? Hapo ndipo X inapoingia. Seli ina protini ndogo sana iitwayo yubikwitini. Hiyo ndiyo rangi nyekundu. Inabandikwa juu ya protini nyingine, na ikishabandikwa kadhaa kwa mfuatano, protini hiyo inapelekwa kwenye mtambo wenye umbo la bomba, proteasomu, unaoikatakata vipande vipande ili malighafi itumike upya. Hilo ndilo tingatinga. Na wapakaji wa rangi ni wengi; mwili wa binadamu una aina zaidi ya 600 za protini za kupaka X, kila moja na orodha yake ya nyumba. Waliofumbua jambo hili, Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipewa Nobel ya kemia mwaka 2004. Na tuelewane: ndani ya seli bomoabomoa hii ni afya. Ikisimama, seli inakufa.

Sasa tuje kwa mlinzi. Moja kati ya protini zinazopigwa X mfululizo, hata kwa mtu mzima wa afya, inaitwa p53. Tamka pi hamsini na tatu. Iligunduliwa mwaka 1979, na namba hiyo ilitokana na uzito wake ulivyosomeka maabara. Baadaye ilionekana uzito halisi unakaribia 44, lakini jina lilikuwa limeshazoeleka na hakuna aliyejisumbua kulibadili. Kwa miaka kumi ya mwanzo wataalamu waliishuku p53 kwamba ndiyo inayochochea saratani. Walikuwa wanachunguza p53 zilizoharibika bila kujua. Ile nzima hufanya kinyume chake: ikipata taarifa kwamba vinasaba vya seli vimekatika, inaisimamisha seli isigawanyike mpaka vitengenezwe, na vikiwa havitengenezeki inaiamuru seli ijiue. Mwaka 1992 David Lane, mmoja wa walioigundua, aliiita mlinzi wa vinasaba, na jina hilo limeshika kuliko ile namba.

Ukitaka kujua mlinzi huyu ana thamani gani, shika Barabara hiyohiyo ya Morogoro, pita Chalinze, pita Morogoro mjini, ingia Mikumi. Mara nyingi tembo watakuwa palepale kando ya lami. Mnyama yule ana seli nyingi kuliko zako kwa makumi ya mara, na anaishi miaka sitini na kitu. Saratani huanzia kwenye seli moja iliyokosea, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida tembo walitakiwa kuisha kwa saratani. Hawaishi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitoa sehemu ya jibu: sisi tuna jeni moja ya p53, nakala ya baba na nakala ya mama, lakini tembo ana jeni za aina hiyo zipatazo 20. Walikadiria kwamba katika tembo 100 wanaokufa, hawafiki 5 wanaouawa na saratani. Mimi nikipita Mikumi sasa naangalia wale wanyama kwa jicho jingine kabisa, na pembe si kitu cha kwanza ninachokiona.

Lakini mlinzi mkali namna hii akiachwa bila kipimo ataua seli zisizo na kosa. Ndiyo maana seli inamdhibiti. Kuna protini iitwayo MDM2 ambayo inaipiga p53 X saa zote, hivyo kwa siku ya kawaida p53 haikai sana, ni dakika ishirini hivi na kiasi chake kinakuwa kimeshuka nusu. Vinasaba vikijeruhiwa, iwe kwa jua kali, kwa moshi wa sigara au kwa sumukuvu ya kwenye karanga na mahindi, MDM2 inazuiwa, X zinakoma, na muda mfupi baadaye p53 imejaa ndani ya seli. Hatari ikipita, X zinarudi. Tazama uzuri wa mpango huo: mwili hauhitaji kuanza kutengeneza mlinzi hatari inapokuja, unahitaji tu kuacha kumbomoa.

Karibu nusu ya saratani za binadamu zina jeni ya p53 iliyoharibika yenyewe. Maelekezo yamekosewa, mlinzi anazaliwa kiwete. Saratani ya mlango wa kizazi ni kesi nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandae mazungumzo haya. Humo, kwa kawaida, jeni ya p53 ni nzima kabisa. Maelekezo hayana kosa na protini inatengenezwa kila siku. Ila ukiitafuta ndani ya seli huioni.

Mhusika ni kirusi cha papiloma, ambacho kliniki zetu zinakiita HPV. Kina aina zaidi ya 200. Nyingi hazina makubwa, lakini aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi duniani. Aliyezitambua, mwaka 1983 na 1984, ni Mjerumani Harald zur Hausen pamoja na timu yake, wakati wenzake wengi walikuwa wameshikilia kwamba wa kulaumiwa ni kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Alisubiri Nobel yake mpaka 2008. Kirusi chenyewe ni kidogo mno, jeni zake ni nane hivi. Hakina vyombo vya kujinakili, kinategemea vya seli, na vyombo hivyo vinawashwa pale tu seli inapojiandaa kugawanyika. Seli za tabaka la juu la mlango wa kizazi zimekwishaacha kugawanyika. Kwa hiyo kirusi kinazilazimisha, na kinatumia protini zake mbili, E6 na E7.

E7 inamwendea mlinzi mwingine, Rb, anayeizuia seli isiingie kwenye mgawanyiko kabla ya wakati. Inamng'ang'ania, inamwondoa kazini na kusababisha avunjwe. Seli inaanza kugawanyika bila sababu. Hapo p53 ilipaswa kuamka na kuiua seli hiyo. Lakini E6 imeshafika. Kazi iliyofanywa Marekani kati ya 1990 na 1993, kwenye maabara ya Peter Howley, ilionyesha kwamba E6 haiivunji p53 yenyewe, haina uwezo huo. Inamtafuta mpakaji rangi mmoja wa seli, jina lake E6AP, ambaye siku zote hana habari na p53, inamshika mkono mpaka mlangoni kwa mlinzi, na pale anapaka X. Kisha tingatinga la seli linakuja kufanya kazi yake halali. Hakuna chombo kilichoharibika. Mpakaji rangi yuko kazini, tingatinga liko kazini, nyaraka zote ziko sawa. Aliyeandika orodha ndiye mgeni.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani na bado linanishangaza. Tumezoea kufikiri kwamba ugonjwa ni kitu kilichovunjika au kitu kilichoingia. Huu ni udhibiti uliogeuzwa upande. Na ukishalielewa hilo, mambo mengine mengi kuhusu saratani hii yanafunguka yenyewe.

La kwanza ni muda. Kirusi kikiingia, mwanzoni hutoa E6 na E7 kwa kiasi, maana kina protini yake nyingine, E2, inayozibana. Katika watu kumi wanaoambukizwa, karibu tisa mwili wao hukifuta kirusi ndani ya miaka miwili bila hata kujua walikuwa nacho. Kwa wachache kinabaki. Kwa wachache zaidi, baada ya miaka, vinasaba vya kirusi vinakatika na kujipachika ndani ya vinasaba vya mwanamke, na mara nyingi mahali panapokatika ni palepale penye E2. Breki imeondoka. E6 na E7 zinatoka bila kipimo, walinzi wote wawili wanaondolewa kila wanapojitokeza, na makosa ya vinasaba yanarundikana. Hata hapo, kwa kawaida safari ya kufikia saratani kamili inachukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka inaweza kuwa 5 hadi 10, na ndiyo sababu anayeishi na virusi vya UKIMWI yuko kwenye hatari ya saratani hii mara sita zaidi, na kliniki za tiba na matunzo, CTC, zinasisitiza apimwe.

La pili ni kwamba mlinzi hajafa. Kuna mwanamke Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, aliyefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi huko Baltimore mwaka 1951. Madaktari walichukua seli zake bila kumwomba ruhusa, na seli hizo zinakua maabara duniani kote hadi leo. Ndani yake mna kirusi aina ya 18. Mwaka 2000, Edward Goodwin na Daniel DiMaio wa chuo kikuu cha Yale walirudisha ndani ya seli hizo ile protini inayozibana E6 na E7. Kilichotokea ni kwamba p53 ilirudi, Rb ikarudi, na seli zilizokuwa zimegawanyika bila kukoma kwa karibu miaka hamsini zikasimama. Nusu karne mlinzi alikuwa anatengenezwa na kubomolewa, anatengenezwa na kubomolewa, na siku bomoabomoa ilipozuiwa alishika zamu.

Upande wa pili wa shilingi nao tunao hapahapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, akiwa Mulago pale Kampala, mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, na mwaka 1961 alifunga safari ya gari na wenzake wawili kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita Tanganyika, kutafuta uvimbe huo unapatikana wapi. Leo tunajua kwamba ndani ya saratani hiyo kuna protini ya kuchochea ukuaji, MYC, inayotakiwa kuvunjwa ndani ya nusu saa hivi. Jeni yake imehamishwa mahali isipotulia, na kwa wagonjwa wengi MYC yenyewe imebadilika pale panapopakwa alama, kwa hiyo X haishiki. Huko Kampala nyumba ya kubomolewa haikubomolewa. Kwenye mlango wa kizazi imebomolewa isiyostahili. Matokeo yanafanana.

Mtu atauliza, basi si tulizuie tingatinga? Limejaribiwa. Bortezomibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, huizuia proteasomu, na imewasaidia wagonjwa wa saratani ya uboho. Lakini seli zote za mwili zinaihitaji proteasomu, na dawa ya namna hiyo ina gharama zake mwilini. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, dawa ya kumzuia E6 peke yake asimshike mkono yule mpakaji rangi imetafutwa kwa miaka mingi na bado haijafika hospitalini. Kinachonifurahisha ni wale walioigeuza hila hiyo kuwa tiba. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba lenalidomaidi, ndugu wa ile thalidomaidi iliyowalemaza watoto tumboni miaka ya 1950 na 1960, huponda saratani ya uboho kwa kumpeleka mpakaji rangi wa seli kwa protini ambazo saratani inazitegemea. Ni kazi ileile ya E6, safari hii kwa manufaa ya mgonjwa.

Basi turudi nyumbani. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya mlango wa kizazi zaidi ya 10,000, na vifo zaidi ya 6,000. Pale Ocean Road, kwenye majengo ya Wajerumani ya mwishoni mwa karne ya 19 yaliyofanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996, ugonjwa huu kwa miaka mingi ndio umejaza mabenchi. Wengi wanafika umeshasambaa. Mama anatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, anakaa kimya. Anatokwa na maji yenye harufu, anajisafisha na dawa za dukani. Kiuno kinauma, anaambiwa ni chango. Akifika Ocean Road, kazi iliyobaki ni mionzi na dripu, na yale maumivu.

Hapa nina neno langu, na halitampendeza kila mtu. Sisi wa Kibamba tumepata bahati. Zamani tukiwa Kinondoni, kabla ya Manispaa ya Ubungo kuzaliwa, mgonjwa mzito alipelekwa mjini na foleni ya Ubungo ikimmaliza njiani. Sasa Mloganzila iko jirani, hospitali kubwa, ilizinduliwa rasmi mwaka uleule wa zile X. Ni ya kujivunia. Lakini tumejijengea imani kwamba saratani ni vita vya majengo makubwa na mashine za mabilioni, na saratani hii si ya hivyo. Ugonjwa unaochukua miaka 15 kukomaa unakamatwa kwenye kituo cha afya cha kata, na chombo chake ni siki.

Ndiyo, siki, ile ya kachumbari, ila iliyopimwa kwa kipimo cha kitabibu, asilimia 3 hadi 5. Muuguzi anaipaka kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, anaangalia kwa macho yake. Na hapa tena ni habari ya protini. Asidi ya siki inazigandisha kwa muda protini zilizo ndani ya seli. Seli za kawaida zina kiini kidogo, mabadiliko hayaonekani. Seli ambazo walinzi wao wameondolewa zimejaa viini vikubwa na protini za kugawanyika, zimebanana, na zikiguswa na siki zinageuka nyeupe. Doa jeupe hilo ni miaka ya E6 na E7 inayoonekana kwa dakika moja, bila hadubini. Kipimo hiki kina makosa yake, kinategemea jicho la muuguzi, na WHO sasa inapendelea kupima vinasaba vya kirusi chenyewe pale panapowezekana. Lakini siki ipo leo, na mwanamke wa miaka 30 hadi 50 anatakiwa kupimwa hata kama hasikii chochote. Hasa kama hasikii chochote.

Na aibu tuiweke pembeni. Karibu kila aliyewahi kujamiiana amewahi kukutana na kirusi hiki, mke wa mtu, mcha Mungu, aliyeolewa akiwa bikira na kukaa na mume mmoja. Anayeambiwa ana doa jeupe hajashtakiwa kwa lolote. Ujumbe tunaopokea hapa redioni, wa kuuliza kama ni kurogwa au ni malipo ya usichana, jibu lake ni hilo.

Kwa mabinti kuna chanjo. Watu wanaogopa kwamba inafunga kizazi, kwa hiyo niseme ndani yake mna nini. Ni protini moja ya gamba la nje la kirusi, iitwayo L1, inayotengenezwa maabara na hamira au bakteria. Zikiwa nyingi zinajikusanya zenyewe kuwa magamba matupu. Hakuna vinasaba vya kirusi ndani, hakuna E6, hakuna E7, hakuna kinachoweza kuambukiza. Mwili wa binti unalijua gamba, na kirusi cha kweli kikija hakipati nafasi ya kuingia kwenye seli. Ilianza nchi nzima Aprili 2018, ikizinduliwa hapa Dar es Salaam na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, kwa mabinti wa miaka 14 na kwa dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14.

Hiyo dozi moja baadhi ya wazazi wanaishuku, wanasema tumepunjwa kwa sababu ni maskini. Si kweli, na ushahidi wake haukutoka mbali. Mwanza, wasichana 930 wa umri huohuo wa miaka 9 hadi 14 walipangwa kupata dozi moja, mbili au tatu, na baada ya miaka miwili karibu wote waliopata moja walikuwa bado na kinga dhidi ya aina ya 16 na ya 18. Kenya, kwenye vituo vya Thika, Nairobi na Kisumu, wanawake vijana 2,275 walifuatiliwa, na dozi moja ikazuia maambukizi ya aina hizo mbili kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. WHO ilipoikubali dozi moja mwaka 2022, ilisoma matokeo ya mabinti wa Kanda ya Ziwa na wa Kenya. Dunia imejifunza kwao.

Chanjo haikifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia. Kwa hiyo mama usijidanganye kwamba binti akichanjwa nyumba nzima imepona. Wewe unabaki na siki, kila baada ya miaka mitatu, na kama uko kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI uliza kliniki yako inavyopanga. Ikionekana nyeupe na sehemu yenyewe ni ndogo, mara nyingi unatibiwa siku hiyohiyo kwa tiba mgando, inayoziua zile seli kwa baridi kali, au kwa kifaa cha joto. Hulazwi. Unarudi kwa daladala.

Yaliyobaki ni kwa akina baba, na najua redio ya kijiweni pale Kibamba CCM imefunguliwa. Baada ya tiba hiyo kidonda kinahitaji wiki nne bila tendo la ndoa, na mkeo atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa wakati kinapona. Wauguzi wanasema wapo wanawake wanaoikataa tiba palepale kitandani, doa limeshaonekana, kwa sababu hawajui watamwambia nini mume. Mwambie mapema leo usiku, kabla hajaenda, kwamba wiki nne unazijua.